Apolonia Mayige, Aliyeuliza Bila Kusimama Kusubiri

Leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2008, Mama Apolonia Mayige anastaafu baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitatu ya kazi katika jineri yetu ya kuchambulia pamba hapa Bariadi. Aliingia tarehe 1 Aprili 1974 akiwa mpiga chapa, wakati jineri ni mali ya chama cha ushirika. Anatoka akiwa mkuu wa mawasiliano wa Mhola Pamba, kampuni iliyoinunua. Katikati hapo wamepita mameneja saba, na wote saba yeye ndiye aliyewaonyesha choo kiko wapi.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu, walivyosema wao, mimi ndiye niliyemsumbua kuliko wote. Naitwa Josia Masalu, fundi wa kompyuta, mwaka wa pili sasa hapa kazini. Nitajitahidi kuandika kwa utulivu, lakini mama huyu ananishangaza hadi leo na sijui namna ya kuficha.

Mwaka 1979 jineri ilifungiwa simu ya upepo ili izungumze na vituo vyake vya kununulia pamba, ishirini na viwili kwa jumla, kuanzia Nkololo mpaka Mwanhuzi. Mama Apolonia alikabidhiwa chombo hicho kwa sababu moja tu: sauti yake ilisikika hata siku za radi. Hakupewa mafunzo. Fundi aliyekifunga alimwonyesha kitufe cha kubonyeza, akapanda gari lake akaenda zake.

Simu ya upepo ina tabia yake: akizungumza mmoja, wengine wote wanyamaze. Sasa mpe Msukuma chombo cha namna hiyo. Kituo kikiita, kwanza salamu ya mwangaluka, halafu habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za mama mkwe, na kila moja ijibiwe mhola, yaani salama, kwa kuvuta, maana kumkatizia mtu salamu ni kumtukana. Saa nne asubuhi inafika hakuna aliyetaja pamba. Mama Apolonia hakumkataza mtu kusalimia. Alichofanya ni kuweka saa moja kamili asubuhi kuwa saa ya mwangaluka. Vituo vyote vinakuwa hewani, vinasalimiana kwa dakika kumi na tano, ng'ombe na mama wakwe humo humo. Baada ya hapo ni kazi tu mpaka jioni. Makarani walinung'unika wiki moja, kisha wakaanza kuwahi.

Lakini jambo lililomtenga na waendeshaji wengine wote ni kadi. Kabla yake, mtu akitaka kujua kama Mwanhuzi kuna lori, aliita Mwanhuzi na kuuliza. Karani wa huko aliweka kisemeo mezani, akatoka kwenda uwanjani kutazama, njiani akakutana na shemeji yake. Muda wote huo mwendeshaji wa Bariadi amekaa ameshika kisemeo chake, hewa imezibwa, na vituo ishirini na kimoja vimenyamazishwa na swali moja. Mama Apolonia alifanya kazi hivyo kwa siku tatu, ya nne ikamshinda. Akauliza swali lake, akaaga, akaachia hewa. Kisha akachukua kipande cha jalada la zamani na kuandika kazi ya kufanywa jibu litakapokuja: jibu la Mwanhuzi likifika, namba ya lori ijazwe hapa, halafu aambiwe fulani, halafu kituo fulani kipewe taarifa. Akaitundika kadi kwenye msumari wenye jina la Mwanhuzi na kuita kituo kingine.

Aliyepokea jibu, hata akiwa mlinzi aliyeshikia chumba wakati mwenyewe amekwenda kula, alitungua kadi akafanya kilichoandikwa. Hakuhitaji kujua habari yote, kwa kuwa kadi ilibeba kila kitu: nani aliomba, mzigo kiasi gani, na aambiwe nani. Nyuma yake paliandikwa kwa kalamu nyekundu la kufanya endapo jibu litakuwa la hapana, au lisipofika kabisa hadi saa nane mchana. Majibu yalikuja bila foleni. Lililoulizwa la mwisho liliweza kufika la kwanza, na kila moja lilikuta kadi yake inalingoja. Yeye mwenyewe hakumngoja mtu.

Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa makampuni binafsi, miaka ile ya tisini na nne na tano, ndipo thamani ya kadi hizo ilipoonekana. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja, na mkulima alisubiri apende asipende. Sasa malori ya makampuni manane yaligombania barabara moja ya vumbi, na mkulima akiona mizani yako imelala anabeba gunia lake hadi kwa jirani. Jineri kubwa kuliko yetu zilipoteza vituo. Sisi hatukupoteza hata kimoja, na sijamsikia mtu yeyote wa enzi hizo akitaja sababu nyingine kabla ya kumtaja yeye.

Meneja wetu wa kwanza wa kampuni, Bwana Kasmiri, hakuliona hilo siku ya kwanza. Mwaka 1996 aliingia chumba cha upepo akamkuta mama ameuliza swali la ofisi, kisha ameligeuzia mgongo na kujimiminia uji. Akamwandikia barua ya onyo kwa kosa la kutelekeza swali. Kesho yake Bwana Kasmiri aliketi mwenyewe kwenye simu ya upepo ili aonyeshe kazi inavyofanywa, akisubiri kila jibu kwa heshima zake. Hadi adhuhuri alikuwa amehudumia vituo vinne. Keshokutwa alikwenda dukani mwenyewe kununua misumari zaidi. Bahati mbaya kanuni ya kampuni haijui misumari: barua ya onyo ikishaingia kwenye faili haitoki, na mwenye barua mbili anafukuzwa kazi.

Mimi niliajiriwa mwishoni mwa mwaka 2006. Minara ya simu za mkononi ilikuwa imeshaota hata Nkololo, na kampuni ilikuwa imeweka dishi la intaneti juu ya paa pamoja na kompyuta nne. Nikapewa kazi ya kutengeneza ukurasa wa kuulizia malori. Karani wa Bariadi angebonyeza jina la kituo, ukurasa ungeuliza seva ya makao makuu Mwanza kama lori lipo, na jibu lingerudi. Lori likiwepo, kompyuta ingechapa kibali cha lori hilo na kumtumia karani wa kituo ujumbe wa simu kwamba gari limetoka.

Ukurasa wangu wa kwanza uliuliza Mwanza ukaganda. Haukubali kubonyezwa wala kuandikwa, wala hauonyeshi dalili ya uhai, mpaka Mwanza ijibu. Intaneti yetu ikilegea, karani wa zamu alikaa dakika nne akitazama kidude cha saa ya mchanga kwenye skrini. Mama Apolonia alipita nyuma yake siku moja, akasimama, akauliza, "Mbona hii inaganda mlangoni? Haina kazi nyingine?"

Nilirudi kwenye vitabu vyangu. Lugha niliyotumia inaitwa JavaScript, ndiyo inayoendesha mambo ndani ya ukurasa wa kivinjari. Humo unaweza kuiandika kazi na kuipa jina bila kuifanya kwanza. Sisi mafundi tunaiita fanksheni. Ukituma ombi kwa seva iliyo mbali, unalikabidhi fanksheni hiyo na kuendelea na shughuli zako. Jibu likifika, iwe baada ya sekunde moja au dakika tano, fanksheni inaitwa, inakabidhiwa jibu, na hapo ndipo inafanya kazi yake. Nilifurahi sana kulielewa jambo hilo. Nikaenda kumweleza Mama Apolonia kama mtu aliyeleta habari kutoka ng'ambo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akanyoosha kidole kwenye ubao wake wa misumari.

Nilisoma Dar es Salaam miaka mitatu, na mbele yangu alikuwepo mama aliyeishia darasa la nane, ambaye alikuwa akifanya jambo lile lile kwa kadi tangu miaka kumi na sita kabla ya JavaScript kuzaliwa. Hakuambiwa na mtu, wala hakudhani kwamba amevumbua kitu. Nilipomwambia hivyo, alisema misumari yenyewe ilikuwa ya kutengenezea dawati.

Sasa nafika siku ambayo wengi wenu mmeisikia kwa vipande. Oktoba 2007 meneja wetu, Bwana Bundala, alitangaza mwezi wa majaribio. Maagizo yote kwa vituo yangetoka kwenye kompyuta, na chumba cha upepo kisikilize tu, kisiagize. Mama Apolonia alikubali. Ila kwa mazoea yake, kila swali ambalo kompyuta iliuliza Mwanza, naye aliliuliza kwa upepo kwa watu wa makao makuu Mwanza, akatundika kadi. Ofisini tulicheka kidogo kuhusu hilo.

Jumanne tarehe 30, saa tano asubuhi, kompyuta iliuliza lori la Nkololo. Nkololo ghala lilikuwa limejaa pamba ya kaya sitini na tatu, mzigo wa safari tatu za lori, mavuno yao yote ya mwisho wa msimu. Karani wa kituo hicho ni Nyanjige, ambaye yuko nasi hapa leo. Alipata ujumbe papo hapo: gari limetoka. Mlango wa ghala la Nkololo ni mwembamba na lori haliwezi kuusogelea, kwa hiyo desturi yao ni kutoa pamba yote nje mapema, lori likute mzigo umepangwa uwanjani. Dereva akicheleweshwa huwa anageuza na kwenda kituo kingine. Nyanjige akaita watu, wakaanza kubeba. Turubai wanazo mbili, na zote zimetoboka.

Saa sita na nusu alishika simu ya upepo kumshukuru mama. "Wabeja sana, mayu, lori tunalingoja, nusu ya pamba iko nje."

Mama Apolonia aligeuka kutazama ubao. Kadi ya Nkololo ilikuwa bado kwenye msumari, maana yake Mwanza haijamjibu mtu. Akatazama dirishani, upande wa ziwa, ambako wingu lilikuwa limeanza kuwa jeusi.

Mimi na Bwana Bundala tulisikia kupitia spika ya ukumbini na tukafika mlangoni tukamkuta anasema, "Nyanjige, rudisheni pamba ndani. Yote."

"Mayu, kompyuta imeandika limetoka."

"Kompyuta imeandika, mimi sijajibiwa. Rudisheni. Kama nimekosea, mje mnidai mimi Apolonia, kwa jina."

Bwana Bundala ni mtu wa haki, lakini siku hiyo alikuwa na mwezi wa majaribio mabegani. Akaniuliza mbele yake kama mashine inasema kweli. Nikajibu kwamba inasema kweli, Mwanza ndio wazito kujibu kwa upepo. Akamwagiza mama afute agizo lake. Mama akakataa, kwa adabu, bila kuinuka kitini. Basi meneja akarudi ofisini, na saa saba mchana barua ya pili ya onyo ikaletwa. Ilikuwa imebaki miezi minane astaafu. Aliijua kanuni vizuri kuliko aliyeiandika. Aliisaini kwamba ameipokea, akaikunja mara mbili, akaiweka mfukoni, akabonyeza kitufe na kuuliza Nkololo wamebakiza kiasi gani nje.

Mwanza walijibu saa nane kasoro dakika tano. Hakukuwa na lori. Lililokuwepo lilikuwa limekatika springi nje kidogo ya Mwanhuzi tangu asubuhi. Saa tisa mvua ikashuka, ile ya kwanza ya vuli, ya mawe, na Nkololo gunia la mwisho lilikuwa limevuka kizingiti robo saa kabla. Pamba ikilowa hainunuliwi na kampuni yoyote. Sitaki hata kuhesabu kaya sitini na tatu zingekula nini mwaka huu. Nilisimama ukumbini nikisikiliza mawe yakipiga bati na kupitia spika nikisikia watu wa Nkololo wakicheka, na ninasema bila aibu kwamba machozi yalinitoka.

Kesho yake Bwana Bundala alikwenda chumba cha upepo akaiomba barua yake. Mama alimrudishia, akasema kwamba ni kweli alikaidi amri. Meneja akajibu kwamba ni kweli, akaichana kabla haijaingia kwenye faili.

Mimi nilikwenda na programu yangu imechapwa kwenye karatasi. Nilikuwa nimekesha nayo, na kwa macho yangu haikuwa na kosa. Akaniambia nimsomee kama vile ninaandika kadi. Nikasoma: hapa ninauliza Mwanza, hapa ninakabidhi kazi ya kuchapa kibali na kutuma ujumbe.

"Umeikabidhi," akauliza, "au umeifanya?"

Nikatazama. Baada ya jina la fanksheni nilikuwa nimeweka mabano, nilipoigusa programu asubuhi ya siku ile, na katika lugha ile mabano hayo ni amri ya kufanya kazi sasa hivi. Kwa hiyo ukurasa ulichapa kibali na kutuma ujumbe kwanza, kisha ukalikabidhi ombi mikono mitupu na kwenda zake. Karani gani anatekeleza kadi kabla ya kuitundika? Kuyafuta mabano kulichukua nusu sekunde. Nikadhani tumemaliza, naye akauliza, "Na nyuma ya kadi?" Sikuwa nimeandika chochote kwa ajili ya siku ambayo jibu halitakuja.

Chumba cha upepo kilifungwa Januari kama ilivyopangwa, naye hakunung'unika. Alihamishia kiti chake mezani kwangu, na miezi mitano akanisomea kadi zake moja moja, mbele na nyuma. Leo ukurasa wetu una fanksheni kumi na nne, na majina yake ni maneno yake mwenyewe. Mafundi wa Mwanza wameomba nakala. Mimi nikiuangalia ukifanya kazi, maswali sita yako njiani kwa wakati mmoja na skrini haijaganda hata kidogo, huwa naona ule ubao.

Mama Apolonia anarudi nyumbani kwake Mwanhuzi, kwa mumewe, Mwalimu Januarius, kwenye mbuzi wake na kwaya ya kigango, ambayo nasikia tayari imeanza kuwahi mazoezini.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Siku ile nilipomjibu Bwana Bundala kwamba mashine inasema kweli, nilikuwa na shaka. Kibali cha Nkololo kilitoka kwenye printa kabla sijaondoa kidole, haraka kuliko intaneti yetu iliyowahi kwenda, na nafasi ya namba ya lori ilikuwa tupu. Niliiona. Nilikikunja kibali nikakitia mfukoni, kwa sababu wakubwa walikuwa wanaisifu kasi ya mashine yangu. Nikamwacha mama mwenye barua moja apewe ya pili. Watu wa Nkololo mlio hapa, pamba yenu nusura ilowe kwa ajili ya mfuko wangu wa shati. Mama alilijua hilo tangu tulipoisoma ile karatasi pamoja, kwa kuwa kibali kilichochapwa kabla ya jibu hakiwezi kuwa na namba ya lori, na hakumwambia mtu.

Juzi nilimpelekea wasifu huu ausome kwanza. Alikata kwa kalamu nyekundu sentensi tano za kumsifu, nami nimezirudisha tatu. Alipofika hapa aliweka kalamu mezani. Nikamuuliza kama nikitoe kifungu hiki.

"Kiache, ng'wana wane," akasema. "Kimechelewa, lakini kimefika."

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa jineri na vituo vyake ishirini na viwili: wabeja sana, Mama Apolonia. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na miaka mingi ya amani nyumbani kwako.